Kabati Lisilo na Msumari

Mtaani walimwita Mama Vanishi, ingawa shangazi yangu hakuwa mama wa mtu. Alikuwa mdogo wake baba, kitinda mimba wa bibi, na jina hilo alilipata kwa sababu ya kabati la mninga ambalo bibi aliliacha. Tuelewane hapo: hakurithishwa yeye. Kabati lilikuwa la watoto wote sita, kazi ya kulitunza ikawa ya mmoja.

Baba yangu, kwa ukubwa wake, ndiye aliyetoa hukumu siku ya kugawana vitu. "Mdogo wangu, wewe huna mume wala watoto. Kaa nalo mpaka mmoja wetu apate nafasi." Ikapita miaka kumi na tisa. Kila ndugu aliyejenga alijenga vyumba vidogo, sijui ni bahati mbaya ya namna gani.

Shangazi alilitunza kwa mapenzi, kisha kwa mazoea, kisha kwa hasira. Kila asubuhi alilifuta kwa fulana kuukuu, maana kitambaa kigumu huchubua. Miguu ya kabati aliisimamisha kwenye makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Pazia hakulifungua mchana, jua lisije likapausha mlango wake wa kushoto, kwa hiyo alishona gizagiza, shingo imeinama juu ya cherehani. Na kila mwaka, mwezi aliofariki bibi, alipiga msasa na kupaka vanishi. Wageni walijitazama humo kama kwenye kioo. Aliwahi kuniambia kwamba naye hujiona, na hapendi anachokiona.

Mwaka huu rafiki yake wa shule alifungua duka la ushonaji mji mwingine, akamwekea nafasi hadi mwisho wa mwezi. Shangazi ana miaka arobaini na sita. Alijua nafasi nyingine haiji. Akampigia baba simu nikiwa nimekaa pembeni yake.

"Kaka, mimi naondoka. Njoo uchukue kabati."

Baba alikohoa weee, mwisho akakosa pa kutokea. "Haya, nitaliweka sebuleni. Lakini lifike zima."

Tatizo likawa kulipitisha mlangoni. Kabati liliingia kabla ukuta wa ukumbini haujajengwa, na sasa ukuta huo ndio unaobeba paa. Nikamleta fundi seremala. Akalizunguka, akamulika tochi kwa nyuma, akacheka peke yake.

"Hili halina msumari hata mmoja. Ni vigingi vya mti tu. Tunavigonga, linafunguka vipande vipande, linapita."

Shangazi alikaa ghafla juu ya sanduku lake, ambalo lilikuwa limeshapangwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo.

Fundi akagonga kigingi cha kwanza kwa nyundo ya mbao. Hakikutoka. Akagonga cha pili. Akachukua patasi, akakwangua kona, akanusa unga wake.

"Vanishi hii imepakwa mara ngapi?"

"Kila mwaka. Miaka kumi na tisa."

"Na kwenye maungio?"

"Huko ndiko nilikuwa namimina kabisa, bungua, wale wadudu wa mbao, wasipate pa kuingilia."

Fundi akaiweka nyundo chini taratibu. "Dada, imezama ndani, imeshika kuliko gundi. Umelifunga mwenyewe. Sasa dawa yake ni msumeno tu."

Tukampigia baba tena. "Msumeno kwenye kabati la mama? Labda mimi nife kwanza," akasema. Kisha akalainisha sauti, ile sauti yake ninayoichukia: "Basi kaa nalo kidogo, mdogo wangu. Tutaona."

Nilimwambia shangazi aondoke zake, aliache lioze. Nilimaanisha, hata kama aliyemwambia akae nalo ni baba yangu. Shangazi alikuwa anautazama unga wa vanishi uliotapakaa kwenye mlango wa kushoto.

Akafungua sanduku. Fulana kuukuu ilikuwa juu kabisa, imekunjwa vizuri juu ya nguo za safari. Akaitoa, akaanza kufuta.