Betri ya Kapteni

Mtaani walimwita Kapteni, naye aliitikia hata akiwa bafuni. Alikuwa mwuza mabati, mwenye leseni ya urubani na ndege moja ndogo, na miwani yake myeusi aliivaa hata msibani.

Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, Kapteni alimpeleka kwenye banda la ndege. Akamkalisha kiti cha mbele, akawasha swichi kuu, redio ikakoroma na taa zikawaka.

"Mama, kurudi kwako ni kwa hii. Mabasi tuwaachie wengine."

Mama mkwe akashukuru, mkoba kaukumbatia kifuani. Walitoka Kapteni akimweleza jinsi rubani hodari asivyosahau kitu. Swichi akaiacha imewashwa.

Asubuhi ya safari alitangulia peke yake kuiandaa ndege. Akabonyeza kitufe cha kuwasha injini. Kimya. Akaitazama swichi: imewashwa tangu siku ile, betri imekwisha. Dawa ilikuwa kumwita fundi, lakini fundi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye ulimi usio na breki. Kumwambia yeye ni kuutangazia ukoo mzima. Kapteni akazima swichi, akafunga banda, akarudi nyumbani.

"Hali ya hewa imechafuka," akatangaza.

Mkewe akachungulia dirishani. Anga lilikuwa safi kama shuka lililoanikwa.

"Imechafukia wapi?"

"Juu zaidi. Kwa macho ya kawaida huwezi kuiona."

Wiki iliyofuata akasingizia upepo. Iliyofuata tena, mafuta. Mama mkwe akazidi kukaa, akahamisha sufuria zote jikoni, akaanza kumuuliza mkwewe anarudi saa ngapi. Kapteni akaona maji yamefika shingoni. Akabeba nyaya za kuunganishia betri za magari, akaenda bandani kuiamsha ndege kwa nguvu ya gari lake. Nyaya zikiwa mkononi, fundi akatokea.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Mazoezi."

Fundi akaipima betri, akaguna. "Hii imekaa tupu tangu lini?"

"Tangu... mama alipofika."

"Lo! Ungeniita siku ileile ningeichaji polepole, nikaipima kama bado inatunza chaji. Huenda ingepona. Betri ya namna hii ukiiacha tupu, ndani inaganda chumvi ngumu. Halafu unataka kuiamsha kwa gari! Umeme ukikukatikia angani, utamwomba nani akusukume?"

Hata hivyo akajaribu. Akaichaji taratibu, akaipima. Ikajikongoja kidogo, ikazimia. Akaifungua, akaitoa.

Kapteni alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Mama mkwe akamkaribisha kwa upole.

"Baba, ile taa nyekundu ya mkiani niliiona inawaka tulipotoka. Nikadhani ndege hulala macho wazi, kama samaki. Nikaona haya kukukatiza, ulikuwa unaeleza vizuri mno."

Mkewe alicheka mpaka akajishika ukutani. Kapteni alitafuta pa kutazama, akakosa.

Kesho yake alimbebea mama mkwe mizigo hadi stendi. Jirani mmoja akamwona, akapaza sauti: "Kapteni! Leo unaruka?"

"Leo nasindikiza," akajibu, akaparamia ngazi za basi na begi kichwani, akimtafutia mama kiti cha dirishani.