Neno Plaques na Damu ya Josefina

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kioo. Kilikuwa kile kipande chembamba tunachokiita lame, ambacho juu yake unapaka tone la damu ili ulitazame kwa hadubini. Mkuu wa wauguzi wa zahanati ya Kikula hakupaza sauti. Alinipa kingine, akasema, "Mutoto, hii haiko sahani ya mama yako. Ushike polepole." Nikashika polepole miaka thelathini na kitu. Leo ninyi vijana wa maabara mna mashine za kuhesabu seli. Sisi tulihesabu kwa jicho, na ukipiga chafya unaanza upya. Lakini msinionee huruma, niliipenda kazi ile kupita kiasi.

Kutoka Kikula nilihamishiwa zahanati ya Shituru, karibu na kiwanda cha kusafisha shaba, kisha maabara ya hospitali kubwa ya kampuni ya migodi. Huko nilimkuta Daktari Mkuu, Mbelgiji mrefu aliyesema Kiswahili chetu vizuri kuliko wajomba zangu wa Kasai. Nchi ilikuwa Zaire wakati ule. Tuliitana citoyen, yaani raia, tukavaa abacost, ile suti isiyo na tai, na majina ya ubatizo yakafutwa kwenye karatasi. Mchumba wangu aliandikwa jina la bibi yake, lakini nyumbani alibaki Josefina, na mimi sikuwahi kumwita jingine.

Dada yake mkubwa, Yaya Marta, ndiye aliyeugua. Mguu ulikufa ganzi, ukapona. Baadaye jicho moja likaona ukungu, likapona. Kisha miguu yote miwili ikagoma. Daktari Mkuu alimtoa maji ya uti wa mgongo, nami nikahesabu seli nyeupe zilizomo, zilizidi kidogo. Baada ya wiki nyingi za kupima na kupima tena akatamka jina la ugonjwa huo wa mishipa ya fahamu kwa Kifaransa: sclérose en plaques.

Jamani, neno hilo! Mume wa Marta alifanya kazi kiwandani Shituru, kwenye ukumbi wa electrolyse, ambako umeme unaikusanya shaba ndani ya mabeseni mpaka inakuwa bamba zito. Na mabamba hayo wafanyakazi waliyaita nini? Plaques. Kabla ya Jumapili mtaa mzima ulishajua: bwana amemletea mkewe ugonjwa wa plaques. Wanawake wakaanza kuwavua waume zao nguo za kazi nje ya mlango. Jirani yetu, kapita mzima, mkubwa wa timu, alikaa kibarazani na chupi akingoja maji ya kuoga. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Ingénieur wa ukumbi hakucheka. Alikuja hospitali kulalamika kwamba watu wake hawataki kugusa bamba. Daktari Mkuu akanituma mimi, eti nina mdomo. Nikasimama mbele yao.

"Bandugu, musikilize. Plaques ya ule ugonjwa ni makovu. Iko mu bongo na mu uti wa mugongo. Haina kitu na mukuba, hii shaba yenu."

"Sasa inatoka wapi?" mmoja akauliza.

Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Nikajibu kama msomi: "Iko kitu mu damu. Inatembea mu famille."

Wakarudi kazini, wameridhika. Na maneno yangu yakafika kwa baba yangu kabla sijafika mwenyewe.

Baba aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana ili achimbe mgodi, na posa yangu kwa akina Josefina ni yeye aliyeipeleka. Alinipokea amesimama.

"Weye mwenyewe ulisema iko mu damu yabo. Mbele ya bantu! Sasa unataka bajukuu yangu bakuwe na ile damu?"

Akanipa mpaka mwisho wa mwezi: nimletee uhakika, la sivyo posa inavunjika.

Nilimwomba Josefina tone la damu. Alinitazama, akanyoosha kidole. Nililitia rangi, nikainama juu ya hadubini asubuhi nzima nikitafuta ugonjwa. Seli zake zilikuwa nzuri, za mviringo, zimetulia. Aibu ilinishika, na Daktari Mkuu akanikuta hapo hapo.

"Unatafuta nini?"

"Hatari ya Josefina, Docteur."

"Na hii hautaiona mu hadubini." Akavuta kiti. "Sikiliza. Ulaya banaupata zaidi, huku ni mara chache. Babu ya Marta alikuwa Mugriki. Pengine alileta kitu, pengine hapana. Bantu bote tunatofautiana kidogo-kidogo mu vile tulirithi kwa bazazi. Kitu kimoja kinaongeza hatari kidogo, kingine kidogo. Na hata vyote vikikutana, inahitaji tena kitu ya inje yenye hatuyajua bado."

"Kwa hiyo Josefina atagonjwa?"

"Hatari yake inapita yako, sitakudanganya. Lakini bandugu ya bagonjwa, bengi habaupate. Hatari haiko hukumu."

Nikaenda kwa baba. "Baba, nimeleta uhakika: uhakika hakuna." Nikamweleza yote, bila kuficha.

Akaniuliza, "Unaogopa?"

"Naogopa, baba."

"Na unamupenda?"

"Namupenda sana."

Basi akacheka, yule mzee mgumu! "Minye nilishuka mu mugodi kila siku, na sikujua kama nitapanda. Nilishuka tu. Muoe."

Tulifunga ndoa kanisani. Siku hiyo miguu ya Marta ilikataa tena, basi wanaume wa electrolyse wakamnyanyua na kiti chake wakacheza naye juu juu, akipiga kelele za furaha. Sijapata kuona harusi nyingine kama ile.

Nimestaafu zamani. Vijana wakija kunisalimia huniuliza: Mama Josefina aliupata? Hakuupata kamwe. Aliyeugua ni mimi. Nina kisukari, kama baba, kama babu kule Kasai, na katika posa ile nzima hakuna aliyeuliza habari za damu yetu sisi.

Juzi nilimuuliza Josefina, "Kama ungelijua, ungelinikataa?"

"Weye ulipima damu yangu asubuhi muzima," akasema. "Minye ya kwako sikupima. Nilikupenda hivi hivi. Kunywa chai yako, na sukari usiguse."