Mkia wa Kanda Namba Tisa

Wateja wapya wakisikia fundi makochi anaitwa Kidole, jambo la kwanza wanalofanya ni kumhesabia vidole. Anavyo vyote kumi. Basi hujiambia labda kimojawapo kiliwahi kugongwa nyundo, maana fundi anayepigilia kitambaa kwenye mbao kutwa nzima hakosi makovu, na yeye anayo ya kutosha kugawa. Lakini jina lenyewe lilitangulia nyundo. Alilipata akiwa na miaka kumi na minne, kwa kazi ambayo leo ukimweleza kijana atakuonea huruma.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kila Jumamosi saa tisa alasiri redio ilitenga saa moja ya hip-hop, ule muziki ambao wazee waliuita wa kufokafoka, wakauliza hao vijana wameudhiwa na nani. Mtangazaji wake alijiita Mjomba Besi, na maradhi yake makubwa yalikuwa kuongea juu ya nyimbo. Wimbo ndio kwanza unaanza, yeye anasalimia shangazi zake. Wimbo haujaisha, yeye keshataja saa. Kidole alikaa mbele ya redio kaseti, kidole cha shahada juu ya kitufe cha kusimamisha, akamvizia. Mjomba Besi akifungua mdomo, tak, kanda imesimama. Akifunga, tak, inaendelea. Kanda zilitoka safi, hazina salamu wala saa, na mtaa mzima ulizitaka.

Baada ya muda akaanza kutengeneza michanganyiko yake mwenyewe. Nyumbani kulikuwa na redio mbili, ya baba na ya dada, ila waya wa kuziunganisha haukuwepo. Alizikalisha uso kwa uso kitandani, moja ikiimba na nyingine ikisikiliza, akafunga mlango na kupiga watu marufuku kukohoa. Kwenye karatasi ya kanda aliandika nyimbo moja baada ya nyingine kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Mwisho wa upande wa pili mara nyingi hubaki dakika moja au mbili ambazo wimbo hautoshi. Nafasi hiyo aliiita mkia. Wenzake waliiacha tupu; yeye aliona kumpa mtu kanda yenye kimya ni kumdharau, kwa hiyo alijaza chochote kilichokuwa karibu: tangazo la sabuni, mluzi, kicheko cha Mjomba Besi. Mkia hakuuandika popote, wala hakuukumbuka. Leo anajaza kona za makochi kwa vipande vya sponji vilivyobaki, na ukimuuliza kipande kipi alikitia kona ipi, atakuona huna kazi ya kufanya.

Sasa dada yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anasuka watu nywele kibarazani, na mdomo wake haukuwa na breki. Jumamosi moja Mjomba Besi aliwafungulia simu wasikilizaji wanaojua kughani. Dada aliacha kichwa cha mtu nusu kimesukwa, nusu kimetimka, akakimbilia kibanda cha simu na kitana bado kiko mkononi. Robo saa baadaye sauti yake ikatoka redioni, nzito, ya kukwaruza kidogo, akijiita Binti Cheche. Kidole alirekodi, na kwa mshangao akasahau kabisa kumkata Mjomba Besi. Kisha akaivunja kanda vile vijino viwili vya plastiki vya mgongoni, ambavyo vikishavunjwa redio hugoma kurekodi juu yake. Kwa wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa kufuli.

Ila kufuli hiyo kila mtoto aliijua dawa yake. Unatafuna kipande cha karatasi, unaziba matundu, redio inadanganyika. Kidole alikwisha kuziba matundu mengi, na mahubiri kadhaa ya baba yake yaligeuka hip-hop kwa njia hiyo, hata mikono ikawa inaziba yenyewe bila kumwomba ruhusa. Wiki tatu baadaye Mjomba Besi akatangaza kwamba atapiga singo adimu, ya vijana waliotoa santuri mia mbili tu kisha wakagombana, na ataipiga mara moja maana santuri ni ya kuazima. Kidole akakamata kanda iliyokuwa karibu, akaziba, akabonyeza. Aliipata singo yote, safi, bila neno hata moja la mtangazaji. Alipoigeuza kanda ili aandike jina, akakuta limekwisha kuandikwa jingine kwa mkono wake mwenyewe: DADA.

Dada alimnunia wiki moja, kisha akasema basi, nitapiga simu nyingine. Hakupiga. Maisha yaliingia kati: vichwa vya watu, mume, mimba. Binti yake alipofika miezi minane, dada akafanyiwa upasuaji wa koo. Madaktari walimwokoa uhai, wakamwachia mnong'ono. Familia ilishukuru, na ilistahili kushukuru. Lakini tangu siku ile kosa la utoto likawa jiwe kifuani mwa Kidole. Ile singo iliyompa sifa mpaka mitaa ya pili, hakuweza kuisikiliza tena.

Binti wa dada sasa ana miaka ishirini. Yeye mama yake anamjua kwa mnong'ono na kwa kupigiwa makofi ya kuitwa: makofi mawili njoo, kofi moja acha hiyo. Mwaka juzi alimfuata mjomba wake karakana.

"Eti mjomba, mama alikuwa na sauti gani?"

"Nzito kidogo," Kidole akajibu, akasema ana gundi inamkaukia, akatoka nje. Hakukuwa na gundi.

Ndipo likaja kochi la mwalimu. Mama huyu alikwisha kustaafu, lakini kusahihisha watu hakustaafu. Aliagiza kiti, akaketi karakana kumsimamia fundi asije akambadilishia mbao.

"Wanangu wanataka nilitupe," alisema. "Nimewaambia watutupe pamoja."

"Halitupwi, mwalimu. Mbao hizi siku hizi huzipati."

Kidole akachana kitambaa cha chini. Kochi la zamani likifunguliwa hutoa siri za nyumba. Yeye amewahi kukuta vitana, betri, nusu ya barua ya mapenzi, na mara moja meno ya bandia. Hili lilitoa vifungo, kijiko, na kanda moja iliyojaa vumbi. Aliipangusa kwa koti la kazi. Herufi kubwa, wima: MCHANGANYIKO NAMBA TISA. Akakaa chini palepale sakafuni.

"Hiyo ya mwanangu wa pili," alisema mwalimu. "Aliitafuta hadi akalia. Akaniambia nimeichoma. Nikamjibu kama ningekuwa mtu wa kuchoma, ningeanza na redio."

"Mwalimu, naomba niisikilize."

"Chukua kabisa. Ila umwambie mwenyewe kwamba sikuichoma."

Ile redio ya dada bado ilikuwepo karakana, juu ya rafu, imegeuzwa kisimamio cha makopo ya gundi. Kidole akaiomba radhi kimoyomoyo, akakifuta kichwa chake cha kusomea utepe kwa pamba na spiriti. Kanda nayo ilikuwa imedondosha kile kijisponji kinachoukandamiza utepe. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwisho wa habari, lakini huyu ni mtu anayeishi katikati ya sponji. Alikata punje kutoka kwenye kochi lilelile, akaibandika kwa ncha ya sindano, akauzungusha utepe kwa penseli mpaka ukalegea.

Kanda ilipoanza kucheza, mwalimu alikwisha kuaga. Kidole akarudi kwenye kazi yake, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, ule ambao baba aliuchukia kisha akakutwa bafuni anauimba. Aliujua kila mshono ambapo alimkata Mjomba Besi, na kidole chake kilicheza chenyewe kila ulipofika. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Alimshukuru yule kijana wa miaka kumi na minne kwa uvumilivu wake, kwani yeye wa sasa asingeweza kukaa kimya saa nzima hata kwa malipo. Akageuza upande wa pili. Wimbo wa mwisho ukaisha, akanyoosha mkono kuzima.

"Haya," ikasema redio, "kwenye simu nina binti, anasema ni msusi. Binti..."

Tak. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Alisimama pale, misumari bado mdomoni. Namba tisa. Aliitengeneza ndani ya zile wiki tatu, kabla ya singo, na mkia ulipobaki akajaza kilichokuwa karibu. Aliisahau kwa sababu siku ile kanda ya DADA yenyewe ilikuwepo mezani, na nani huhangaikia nakala akiwa na kitu chenyewe? Angeweza kuendelea kusikiliza. Alitamani mno. Lakini sponji ile aliibandika kwa gundi ya makochi, utepe ulikuwa na umri wa mtu mzima, na kama ungecheza mara moja tu kisha ukatafunwa, hiyo mara moja haikuwa yake.

Akatema misumari, akabeba redio kwa mikono miwili, akavuka nyumba nne hadi kibarazani kwa dada yake. Dada alikuwa anapanga nywele za bandia kwa rangi. Binti yake alikuwa anafagia. Kidole hakusalimia.

"Kaeni," alisema. "Mpwa wangu, toa simu urekodi. Usiniulize kitu."

Akabonyeza.

"Jina?" aliuliza Mjomba Besi, na sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, ikajibu kabla hajamaliza:

"Nasuka nywele mchana, jioni nasuka mistari,
Ukinikuta kibarazani usidhani sina habari,
Kila nitiapo neno, cheche zaruka kwa hiari,
Wauliza jina nani: Binti Cheche, kaa tayari."

Ilikuwa sauti iliyopita kwenye waya wa simu, ikapita redioni, ikapita kwenye kanda moja, ikavuka hewa ya chumba hadi kanda nyingine, ikakaa chini ya makalio ya familia ya mwalimu miaka yote hiyo. Ilikuwa imechakaa. Ilikuwa yake. Dada aliachia nywele zikaanguka. Kwenye mstari wa pili midomo yake ikaanza kufuata, bila sauti, na haikukosa neno. Binti alishika simu, lakini hakuitazama redio. Alimtazama mama yake mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu apate fahamu akamwona anasema.

Mjomba Besi alicheka, akasema huyu binti tunamtaka tena. Kidole, aliyemkata mtu huyu mara elfu, alimshukuru kwa kila neno. Kisha kikabofya kitu, pakawa na mvumo wa chumba kilichofungwa mlango, na sauti nyembamba ya mtoto wa kiume ikazungumza karibu kabisa na kinasa:

"Huyo ni dada yangu. Atakayemfuta, shauri yake."

Kanda ikaisha.

Kidole aliangalia sakafu. Hilo nalo alilisahau. Alisikia pumzi za haraka karibu yake, akadhani dada analia, kumbe anacheka. Kicheko chake siku hizi ni hewa na mabega. Dada akamshika sikio kama zamani, akalivuta hadi mdomoni mwake.

"Shauri yako," akanong'ona.

"Nisamehe, dada."

"Nilishakusamehe wiki ileile. Aliyeendelea kununa ni wewe."

Ndipo akalia kweli, mtu mzima na ndevu zake, na hakuna aliyemnyamazisha. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mwalimu kwa ukaidi wake, akawashukuru watoto wa mwalimu ambao kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kuinua kochi wakafagia chini yake.

"Mjomba," binti alisema, akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, "nimeipata kwenye simu. Lakini naomba uirudishe. Nataka niisikie hapo hapo ilipo."

Kidole hakuiamini mashine kurudisha nyuma. Akaitoa kanda, akatia penseli, akaanza kuzungusha taratibu. Alipomaliza, dada akanyoosha kiganja. Akaipokea, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, akayapapasa yale matundu mawili, wazi, jinsi mdogo wake alivyoyaacha alipovunja vijino vya kanda hii pia.

"Safari hii," akanong'ona, akimrudishia, "usizibe."