Sahani Iliyokataa Umeme

Mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu ina mdomo. Nyumbani kwangu mjini, Nyalukemba, watoto wanasema mama akikosa funguo anagombeza mlango. Jumamosi ile niligombeza kila kitu.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu asubuhi baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuwa anakuja kijijini kwa mama, Nyantende, pamoja na mkubwa wa kijiji, kupanda miti ya mipaka katikati ya shamba la mama. Alidai nusu ni yake, kwamba baba aliachiwa tu alime. Mama alikuwa na jibu moja: karatasi ya kalinzi. Kwa sisi Bashi, anayepewa shamba anatoa ng'ombe kwa mwenye ardhi mbele ya mashahidi, na hiyo ndiyo kalinzi. Baba aliitoa, na mashahidi wakatia vidole kwenye karatasi. Lakini karatasi ilikuwa ndani ya mkebe wa bati, na mkebe ulikuwa chini ya udongo tangu wakati wa vita, asubuhi ile tuliyokimbia. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka tu kwamba niliambiwa nishike kuku na nisilie.

Baba amekufa. Mama anakumbuka: hatua kumi kutoka kwenye mgomba mkubwa.

Mgomba gani sasa? Migomba inazaa pembeni, inahama kidogo kidogo, halafu ugonjwa ulikuja tukaikata yote. Mimi na mama tulichimba mashimo hadi majirani wakauliza kama tunataka kujenga.

Ndipo mwalimu mmoja wa chuo kikuu, tunayesali naye parokia moja, akaniazima mashine yake ya kutafutia chuma. Ni fimbo ndefu. Juu ina kisanduku cha kusomea na visikilizio vya kuvaa masikioni, chini ina duara pana ambalo mama aliliita sahani. Kati yao hakuna waya. Sahani ina betri yake ndani, na unaichaji kwa kibanio kidogo kinachouma vidoti viwili vya shaba pembeni.

"Unabana hapa, taa nyekundu inapepesa," alinionyesha. "Jumatatu saa sita nitaihitaji, maman. Ninasafiri nayo."

Alhamisi na Ijumaa, nikitoka kazini, tulipita sehemu kubwa ya shamba. Tulipata vifuniko vya chupa, msumari wa kiatu, nusu ya sufuria. Jioni ya Ijumaa sahani ikazima. Mama, ambaye hakubali chombo cha shamba kilale kichafu, akaifuta pamoja na majembe, akaifunga ndani ya kitenge, tukaja nayo mjini kwangu.

Jumamosi asubuhi nikabana kibanio. Taa kimya.

Nikasema ni umeme. Nikawasha balbu, ikawaka. Nikasema ni waya. Nikachomeka simu kwenye waya ule ule, simu ikachaji vizuri, mbwa yule. Nikatoa kibanio, nikakigeuza, nikakirudisha. Nikajaribu betri ya mkononi ya mwanangu. Kimya. Nikakandamiza kibanio kwa kidole gumba kwa nguvu zangu zote, taa ikapepesa mara moja. Nikapiga kelele za furaha. Nilipolegeza kidole, ikazimika. Nilikaa hivyo karibu robo saa, nakandamiza, nalegeza, nakandamiza, kidole kikaumia, na mama kwenye kiti anasali rozari bila kuniangalia.

"Mama, hata wewe huoni shida?"

"Naona. Utakufa na presha."

Nilizunguka sebuleni. Nilitoka hadi barazani, nikarudi. Kila nilipofumba macho nilimwona baba mdogo na miche yake kwapani, anapima kwa miguu shamba ambalo mama alilima mgongo ukapinda. Saa nne nikashindwa kuvumilia, nikamshika mama mkono, tukateremka kwa fundi wa simu kwenye barabara kubwa.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipima waya kwa mashine yake, akapima kibanio, akatingisha kichwa.

"Umeme inafika hapa muzuri. Betri ya ndani njo imekufa, maman. Acha nifungue."

"Haifunguki. Imezibwa."

"Kila kitu inafunguka."

Akaanza kupasha kisu moto. Na mimi, Mungu anisamehe, mashine si yangu, niliangalia saa nikasema, "Fungua."

Aliishika sahani ili aipasue ukingoni, ikamteleza. Akaishika tena, ikateleza tena. "Aa! Kitu yako iko na mafuta," akasema, akajipangusa kwenye suruali. Akanusa vidole. Mimi pia harufu ikanifikia, na niliitambua kabla ya kufikiri: gresi ya lori la baba. Baba alikuwa dereva, na kopo la gresi yake liko jikoni kwa mama mpaka leo. Majembe, panga, kufuli, bawaba za mlango, vyote mama anavipaka.

Nikamgeukia. Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo cha fundi, rozari mkononi.

"Nilipaka kidogo tu," akasema. "Siku mbili. Pale kwenye shaba nilipaka muzuri, juu ya kutu, isiingie."

Yaani pale pale! Pale kibanio kinapouma!

Sitaandika yote niliyosema. Nilisema mbele ya watu, kwa sauti ya sokoni, kwamba nani alimtuma, kwamba si kila kitu ni jembe, kwamba ataharibu vitu vya watu na shamba litaondoka kwa sababu ya gresi yake. Wapita njia walisimama. Fundi aliweka kisu chini, akatafuta pamba na alkoli ya dawa, akasugua vidoti vile kwa mswaki wa zamani, polepole, kama mtu asiyesikia. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi. Ya tatu ikatoka nyeupe. Akabana kibanio. Taa ikapepesa, ikaendelea kupepesa.

"Aksanti," nikamwambia fundi. Mama sikumshika mkono tena wakati wa kupanda.

Jumapili baada ya misa tulipanda Nyantende. Sehemu iliyobaki ilikuwa ndogo, pembeni ya shimo la taka la zamani. Nilipita mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili masikioni kukalia mlio mzito, mrefu, si ule wa vifuniko vya chupa. Mama aliona uso wangu, akachukua jembe.

Mkebe ulitoka mweusi, umevimba kwa udongo. Nikasema moyoni, basi, bati la miaka yote hii, tutakuta ungaunga. Nikaukwangua kwa ukucha. Chini ya udongo kulikuwa na tabaka nene, gumu kama sabuni, limezunguka mfuniko wote. Niliujua utelezi ule. Niliijua harufu.

"Baba yako alitaka kuuzika hivi hivi," mama akasema. "Alikuwa na haraka. Miye njo nilipaka."

Aliupangusa kwa kitenge chake, akasukuma mfuniko kwa kidole gumba, ukafunguka. Karatasi ilikuwa kavu. Alama za vidole vya mashahidi zilikuwa bado za buluu, ningeweza hata kuzihesabu mistari.

Nilifungua mdomo wangu ule ule nimwombe msamaha, nikachelewa. Mama alikuwa ameshaokota mashine na kuanza kuifuta udongo. Alipofika kwenye vidoti vya shaba akasimamisha mkono, akaniangalia bila kucheka.

"Na hii?" akauliza. "Nipake ao nisipake?"

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo, nikalia.