Nifundishe Kufunga Gari

Siku mbili baada ya arobaini ya mkewe, Muharami alikwenda nyumbani kwa mtu aliyemuua, akamwomba amfundishe kufunga gari kwenye trela.

Hakwenda na panga. Alikwenda na kiroba kwapani, na salamu kamili.

Kisa hiki kanipa Mikdad mwenyewe, tumekua naye hapa Bagamoyo, na karidhia nikiweke mtandaoni. Yeye ndiye aliyebishiwa hodi.

Mikdad kazi yake kubeba magari. Gari likizima Mbegani, likilala Chalinze, anapigiwa yeye. Na sifa yake kubwa ilikuwa kufunga. Watu walikuwa wakisema gari lililofungwa na Mikdad hata tetemeko haliling'oi.

Ijumaa moja Shihab, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, akampa gari lake la mbio. Jekundu, milango miwili, limelala chini utadhani limekaa kitako. Lilitakiwa Morogoro kwenye maonyesho, kesho yake asubuhi.

Mikdad akalipakia, akaswali Ijumaa, akashika njia ya Msata.

Alipofika Kiwangwa, kwenye tuta la pili, akasikia mlio nyuma kama bati linachanwa.

Gari lilikuwa limeruka, tako likachomoka upande wa kushoto, likateleza lote nje ya trela. Likaangukia meza ya mananasi.

Habiba, mke wa Muharami, alikuwa kainama anapanga mananasi yake. Hakugeuka hata kuliona.

Walipoliinua alikuwa kashakwenda.

Polisi wakakuta mikanda mitatu imekatika. Mikdad akawaambia ndiyo, mikanda imekatika, labda ilikuwa imechoka. Ikaandikwa ajali. Shihab akapeleka mchele msibani, akasema ni kazi ya Mungu. Msibani wote wakaitikia, kazi ya Mungu.

Mikdad naye akalidaka neno hilo, akajifunika nalo.

Lakini hakuwa analala. Saida, mkewe, alimwona anavyoamka anaosha mikono, akirudi kitandani anaamka tena.

Sasa asubuhi ile Muharami kasimama uani. Mikdad akampa shikamoo, maana Muharami kamzidi umri, akaitikiwa marahaba. Akaletewa kiti, hakukaa. Akasema yeye mkulima, hajui mambo ya magari, na anataka kuona kwa macho yake jinsi gari linavyofungwa mpaka lisianguke.

Ungekataaje?

Palikuwa na Subaru ya mteja juu ya trela. Mikdad akaanza kumwonyesha. Gari likae mbele kidogo, uzito usilalie nyuma. Gia ndani, breki ya mkono juu, kabari kwenye matairi. Kisha mikanda minne, kila tairi na wake. Kila mkanda unapita juu ya tairi lenyewe, haushiki bampa, maana bampa inang'oka. Ukishatembea mwendo mfupi unasimama, unakaza tena, kwa sababu mikanda hulegea ikishakaa.

Mwisho akalala chali mchangani, akaingiza kichwa chini ya trela kutazama kama ndoano za nyuma zimeingia sawasawa kwenye pete zake.

Muharami akauliza taratibu, "Siku ile ulilala chini namna hiyo?"

Mikdad akabaki kule kule chini.

Anasema alikuwa na majibu kama matatu ya uongo, yote mazuri. Akayaangalia, akachoka.

"Sikulala," akasema. "Nilikuwa nimevaa kanzu ya Ijumaa. Ardhi ilikuwa tope. Ndoano moja niliipachika kwa kupapasa tu. Na njiani sikusimama kukaza."

"Kwa ajili ya kanzu."

"Kwa ajili ya kanzu."

Muharami akafungua kiroba. Akatoa mkanda mzima, haujakatika hata uzi, ndoano yake inang'aa.

Mikanda mitatu kweli ilikatika, lakini ni kwa sababu huu wa nne ulikuwa umeshaachia. Polisi hawakuhesabu. Muharami aliuokota majanini siku ya pili ya msiba, alipokuwa akitafuta ndala ya pili ya mkewe. Akakaa nao siku zote arobaini.

"Kaka zake walitaka kuja kukuchomea nyumba," akasema. "Nikawaambia nimsikie mwenyewe kwanza. Ungeniambia umekatika, nisingewazuia tena."

Mikdad akainuka na mchanga wake mgongoni. Wakaondoka pamoja kwa miguu kwenda polisi, Mikdad akaeleza yote.

Mahakama ikampa miaka miwili. Akaitumikia.

Alipotoka, kabla ya kufika kwake, alikwenda Kiwangwa. Muharami akaitikia salamu. Hakumkaribisha kiti, hakumfukuza. Mikdad akasimama juani mpaka akaona imetosha, akarudi.

Nilimuuliza kama kasamehewa. Akaniambia hajui, na hadhani ana haki ya kuuliza.

Ndugu zangu, Mungu ana kazi zake, na sisi tuna zetu. Kukagua ndoano ni yetu. Ukizembea halafu ukamtwika Yeye, umeua, na juu yake umesingizia. Na neno la kweli liseme mapema, kabla aliyefiwa hajalazimika kuja kulichota mdomoni mwako.