Gamba Lisilotakiwa Kuona Maji

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu upande wa Hombolo kulikuwa na kitu kimoja kisichotakiwa kuona maji: gamba la konokono wa baharini, dogo kama punje ya karanga, lililotobolewa na kutiwa uzi. Nililivaa mimi, kisha likashuka kwa mdogo wangu Nyemo. Bibi alituonya kwamba likilowa litakumbuka kwao, na litaondoka na aliyelivaa.

Jioni moja ya kiangazi Nyemo alirudi kutoka bwawani ameziba shingo kwa mkono.

"Mke mwenzangu," bibi alimtania, "leo umevishwa mkufu na nani?"

Nyemo akacheka, lakini mkono hakuutoa. Bibi akaufungua uzi mwenyewe.

Namna yake ya kulikagua sijaisahau. Alilishika ncha ikiwa juu, mdomo ukimwelekea. Gamba letu lilifunguka upande wa kulia. Mdomo wake ulikuwa mnene, wenye vijino kwa ndani na mfereji mwembamba chini. Lile la jioni ile lilifunguka kushoto. Lilikuwa jepesi, laini, bila kijino hata kimoja.

"Huyu si wetu. Umeingia majini?"

"Sijaingia, bibi. Haki ya Mungu."

"Wa kushoto ni wa bwawa. Huyo hudai damu."

Asubuhi nilifuatana na bibi hadi bwawani. Gamba letu lilikuwa juu ya jiwe. Nyemo alikuwa ametii kwa namna yake: alilivua kwanza lisilowe, ndipo akaoga. Akalisahau, na aliporudi kulitafuta kwa hofu akaokota la kwanza aliloliona kwenye tope, akalitoboa na kulitia uzi.

Bibi alisema polepole, "Hili limebaki kavu. Aliyelowa ni yeye."

Mvua za kwanza zilipoanza, Nyemo aliniita nyuma ya zizi. Mkojo wake ulikuwa mwekundu.

"Dada, limenifuata."

Nilikimbia kumwita bibi. Hakuuliza kitu, alimbeba mgongoni hadi zahanati, ingawa Nyemo alishakuwa mkubwa mno kubebwa. Tabibu alisema ni kichocho, akatoa vidonge. Njiani kurudi nilimuuliza bibi alijuaje.

"Mama yako alikuwa na dada aliyekojoa damu," alijibu. "Kabla ya kumzika, hatukuwa na gamba."

Nyemo alipona. Siku hizi anafanya kazi Mtumba, na gamba ninalo mimi. Nimeshasoma kwamba konokono wa bwawani anayebeba kichocho gamba lake hufunguka kushoto. Ambalo sijalijua hadi leo ni kama bibi aliamini onyo lake, au alitafuta tu kitu cha kumtisha mtoto asiingie bwawani hata kwenye joto la kiangazi.

Likizo hii Nyemo amemleta binti yake. Nilimvisha gamba, nikarudia onyo la bibi neno kwa neno. Mtoto akaligeuzageuza.

"Mama mkubwa, na nikilivua kwanza?"

Nyemo, aliyekuwa mlangoni, alinitazama. Kwa swali hilo bibi hakutuachia jibu. Nilimkalisha mtoto karibu yangu, nikaanza kumweleza habari za yule dada wa mama yetu.