Orodha ya Wanaosubiri Saa

Mlango wa duka letu haukufunguka kwa kusukumwa. Mteja alibonyeza kengele nje, sisi tuliokuwa ndani tukamtazama kupitia kioo, ndipo mmoja wetu akabonyeza kitufe kilichokuwa chini ya kaunta. Meneja ndiye aliyenifundisha kutazama. Anza na mkono, aliniambia siku yangu ya kwanza, halafu viatu, halafu uso. Mwenye saa nzuri tayari, mfungulie kabla hajamaliza kubonyeza. Wengine waache wangoje kidogo, uone kama wataondoka wenyewe.

Duka lilikuwa ndani ya jengo la maduka ya kifahari upande wa Virginia. Mimi nilikuwa nakaa Langley Park, Maryland, na kufika kazini kulinichukua basi mbili na treni. Nilivaa suti nyeusi niliyoipiga pasi kila asubuhi na glovu nyeupe za kushikia saa. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya usafi, nikalea wazee, nikapanga nguo kwenye rafu. Hii ilikuwa kazi ya kwanza hapa Marekani ambayo nilikuwa naweza kumtumia mama yangu picha nikiwa kazini. Nayasema haya ili ieleweke kwa nini nilikaa kimya mahali ambapo sikupaswa kukaa kimya.

Yule mama alikuja majira ya kuchipua, asubuhi ya siku ya kazi, duka likiwa tupu. Alikuwa na miaka kama sitini, amevaa kitenge kilichoshonwa vizuri na koti jepesi juu yake, na mkoba ameushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Alibonyeza kengele, akangoja. Meneja alimtazama, akarudi kwenye kompyuta yake. Alipobonyeza mara ya pili nikamfungulia mimi.

Alianza kwa Kiingereza cha kujikakamua. Nikasikia lafudhi, nikamuuliza kama anasema Kiswahili. Uso ukafunguka wote.

"Eh! Mungu wangu! Unasema Kiswahili, mama?"

"Shikamoo," nikasema.

Akacheka. "Sisi ku Kongo hatujibuke hiyo. Lakini aksanti sana."

Alinieleza shida yake akiwa bado amesimama, ingawa nilikuwa nimemwonyesha kiti. Alikuwa msimamizi wa wasafisha vyumba kwenye hoteli moja Herndon, karibu na uwanja wa ndege. Mumewe aliendesha basi kwa miaka mingi, sasa amestaafu. Zamani, Lubumbashi, mumewe alikuwa dereva wa bosi mmoja wa kampuni ya madini. Bosi huyo alikuwa na saa ya chuma yenye uso wa buluu, na alimwahidi kwamba siku akirudi kwao Ulaya angemwachia. Siku hiyo ikafika. Mumewe akampeleka uwanja wa ndege, akamshushia masanduku, na bosi akapanda ndege na saa yake mkononi.

"Kila mwaka anaikumbukaka," alisema. "Watoto wanamucheka. Mie nikasema, niko nafanya kazi, nitamununulia miye mwenyewe. Nimeisha kuweka pamoja kila kitu. Muko nayo?"

Tulikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kabati la kioo hatua tano kutoka aliposimama, na mbele yake palikuwa na kibao kidogo kilichosema ni ya maonyesho tu. Watu wengi hawajui kwamba katika biashara hii mtu anaweza kuwa na pesa zake mkononi na bado asiuziwe. Saa zenyewe hukaa kwenye sefu, na meneja ndiye anayeamua nani apewe.

Nikaenda kumuuliza. Hakuinua macho. "Mwambie kuna orodha ya wanaosubiri."

"Nimwandike?"

"Chukua jina."

Nikachukua jina na namba ya simu kwenye karatasi. Nilipomwambia mama, hakuonyesha kukata tamaa hata kidogo. Alisema kama watu wako kwenye foleni, naye atakaa kwenye foleni kama wengine. Akaniomba namba yangu pia, kwa sababu Kiingereza cha simu kilimchanganya, nikampa.

Alipotoka nilikwenda na ile karatasi kwa meneja nimwombe anionyeshe pa kuingiza jina. Aliichukua, akaisoma, akaitupa kwenye pipa lililokuwa karibu na mguu wake. Hakufanya kwa hasira. Aliitupa kama mtu anavyotupa risiti ya kahawa, akaendelea kuandika.

Nikarudi mahali pangu nikaanza kufuta vioo.

Alikuja tena baada ya wiki kadhaa, akiwa ameleta maandazi kwenye kopo la plastiki, yangu mimi. Nikamwambia bado. Alikuja mara ya tatu wakati wa joto kali, jasho likimtiririka kwa sababu alikuwa ameshukia kituo kisicho chake akatembea kwa miguu. Nikamwambia bado. Siku hiyo aliomba kuketi, na alipoketi ndipo aliponieleza kwamba mumewe alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, figo zote mbili zimeshindwa.

"Docteur anasema tusihesabu miezi," alisema. "Sasa mie sihesabu. Nakuyaka hapa kuuliza tu."

Jioni hiyo, tulipokuwa tunarudisha saa kwenye sefu, nilijikaza nikamwambia meneja. Nikamwambia mama yule amekuja mara tatu, mumewe mgonjwa, na saa za buluu ziko mbili ndani ya sefu, nimeziona kwa macho yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukaripia.

"Ataiuza wiki hiyo hiyo," akasema. "Au mtoto wake ataiuza. Mtu wa namna ile haji kununua saa ya pili na ya tatu. Mimi natunza wateja wanaorudi."

"Lakini yeye amerudi mara tatu."

Akatabasamu. "Wewe unajua lugha yao. Ndiyo maana nakuachia wewe uwaambie. Kwako wanapokea vizuri."

Njiani kurudi nyumbani nilitunga majibu mengi mazuri, na asubuhi nikabonyeza kengele ya wafanyakazi, nikamsalimia, akaniuliza kama nimelala salama.

Mara ya nne yule mama alikuja na mumewe. Niliwaona kupitia kioo: mama amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu, na ndani ya kiti mzee mrefu aliyekonda, amevaa suti ya kijivu iliyompwaya mabegani, na tai. Meneja alikuwa na mteja kwenye chumba kidogo cha nyuma. Niliwafungulia haraka, nikafanya jambo ambalo sikuruhusiwa kulifanya. Nilifungua kabati la kioo nikatoa ile saa ya maonyesho, nikaiweka kwenye kitambaa mbele ya mzee.

Hakuishika mara moja. Aliisogelea na uso, akaiangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

"Ni yenyewe," akasema. "Ila ile ya patron ilikuwa na mukwaruzo hapa."

Nilitaka kumvalisha mkono wa kushoto, akaurudisha nyuma taratibu. Juu ya mshipa wa mkono ule palikuwa na uvimbe mkubwa, mahali wanapochoma sindano za kusafishia damu, na hapakutakiwa kubanwa na kitu chochote. Nikamvalisha kulia. Mkanda ulishuka mpaka katikati ya mkono, ukazunguka, uso wa saa ukaangalia chini. Mzee akacheka kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko mwili wake.

"Itanibidi nikule kwanza!"

Mkewe naye akacheka, akatoa simu ampige picha. Alipiga mbili. Wakati anajiandaa kwa ya tatu, meneja akatokea nyuma akifuatana na mteja wake. Akasimama pembeni yetu na tabasamu lake lile lile, akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole sana, kwamba saa ile inatakiwa kurudi mahali pake. Mzee alielewa. Aliendesha basi hapa Marekani miaka mingi, Kiingereza alikijua vizuri. Akajaribu kufungua kifungo mwenyewe, vidole vikashindwa, nikamvua. Kabla sijairudisha kabatini, meneja aliipokea, akaipulizia dawa, akaifuta kwa kitambaa, pande zote, huku wao bado wako pale.

Mama akageuza kiti. Mlangoni akaniambia, "Utatupigia, eh?"

"Nitawapigia."

Hazikupita wiki mbili, akaja kijana mmoja na glasi ya kahawa ya barafu mkononi. Sikuwahi kumwona. Meneja alimfungulia mwenyewe, wakapeana mikono, kijana akataja rafiki yake fulani, wakaingia chumba cha nyuma. Baada ya muda meneja akaniita nifunge zawadi. Saa ilikuwa ile ya buluu. Kijana hakuijaribu mkononi. Alikuwa anasoma simu yake wakati mimi nakunja karatasi na kufunga utepe, na nilifunga vizuri, pembe zote sawasawa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshazoea kufanya vizuri.

Baridi ilipoanza, biashara ilidorora. Asubuhi moja meneja alikuja kwenye kaunta yangu na karatasi mkononi. Kulikuwa na saa iliyorudishwa, uso wa buluu ule ule, lakini mkanda wa aina ambayo wateja wake wakubwa hawakuitaka.

"Mpigie yule mama yako," akasema.

Nilikwenda kupiga simu kwenye korido ya nyuma, kati ya maboksi matupu. Nilijiambia kwamba mwisho wa mambo utakuwa mzuri na yaliyopita yatajifunika yenyewe.

Mama alipokea, akasikia sauti yangu, akanitania kama kawaida. Nikamwambia saa imepatikana.

Nyuma yake nilisikia vyombo, na sauti za watu wengi kama kwenye nyumba yenye wageni.

"Mutoto yangu," akasema, "bwana tulimuzika juma iliyopita."

Nikampa pole. Nilimpa pole nyingi, moja juu ya nyingine, mpaka yeye akawa ananituliza mimi. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

"Jina yetu ilikuwa namba ngapi, kwa ile liste?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Hakuna aliyekuwa karibu. Nikaangalia maboksi.

"Ya tatu, mama."

"Tatu tu?" Akageukia watu waliokuwa naye, nikamsikia akiwatangazia. "Tulikuwa ba tatu! Eh, tulikuwa karibu." Kisha akarudi kwangu. "Aksanti kwa kutupigania. Mungu akubariki."

Nilirudi ndani nikamwambia meneja kwamba mama hataki tena. Akasema, "Unaona?" Saa ile ilinunuliwa na mtu mwingine kabla ya wiki kwisha.

Laiti ningeweza kusema kwamba niliacha kazi siku hiyo. Nilikaa zaidi ya mwaka, na nilipoondoka ni kwa sababu walinipunguzia siku. Sasa nipo mapokezi kwenye kliniki ya meno huko Riverdale Park. Wanaokuja wote nawaandika mbele ya macho yao, na wakiuliza wao ni wa ngapi nageuza kompyuta waone.

Mwaka huu, Jumamosi moja mchana, nilikutana na yule mama Langley Park. Nilikuwa natoka duka la vyakula, yeye amesimama kituoni upande huu wa uzio wa ujenzi wa reli mpya, na mfuko wa sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wakavu miguuni. Alikuwa amepungua. Alinitambua yeye kwanza, akanikumbatia, akaniambia mumewe aliitunza ile picha kwenye simu mpaka mwisho, kila mgonjwa mwenzake kwenye kusafishwa damu alionyeshwa. Kisha akasema tena lile neno, kwamba Mungu anibariki kwa kuwapigania.

Sikuweza kulipokea mara ya pili. Nikamwambia pale pale, kelele za mashine zikitulazimisha kusogeleana. Nikamwambia jina lao halikuwahi kuandikwa popote. Nikamwambia kuhusu pipa, na kuhusu kijana, na kwamba saa zilikuwemo ndani siku zote alizokuja, na kwamba mimi nilijua.

Nilipomaliza aliangalia barabarani kama basi linakuja.

"Namba tatu ilitoka wapi?" akauliza.

"Nilitunga mimi."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Ndugu zake ku Lubumbashi nilibaambia. Kanisani nilisema. Tulikuwa ba tatu." Akaniangalia usoni. "Miye nilikuwa nimeisha kutulia, mama. Nilikuwa nalala. Sasa umeniambia ili nani alale?"

Nikasema nisamehe. Akainama kuchukua mfuko wake. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausogeza mfuko upande wa pili, bila ukali, kama mumewe alivyourudisha nyuma mkono wake wa kushoto.

Basi lilikuja limejaa. Mtu mmoja akasimama kumpisha, akaketi karibu na dirisha, na mfuko wa sombe mapajani. Nilibaki pale kituoni nikitegemea atageuka. Alikuwa ametoa simu anaitazama, na sikuweza kuona alichokuwa anakitazama.